Jina la Mtu Anayepumua

Malishoni Shuwert, 9 Juni 2007

Shemeji Inayat,

Ya Ali Madad. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na yale mafua yako ya kila mwaka yamekuacha. Sisi huku tumefika salama na mifugo. Theluji njiani ilikuwa haijaisha, mbuzi mmoja akateleza akaingia mtoni, tukamvuta kwa pembe. Yuko hai, ila kiburi kimemzidi. Mama yako hajambo. Jino lake la mbele lililokuwa limebaki limeng'okea kwenye mkate, akalitupa motoni, akasema afadhali, lilikuwa linaringa peke yake. Ng'ombe wako wa yaki wote wazima, na yule jike mweusi amezaa dume. Nakuambia haya yote kwa sababu ndiyo adabu, si kwa sababu roho yangu imetulia.

Jana Lal Beg alipanda na unga. Nilikuwa nakamua. Nikamwona kwa mbali na punda wake, nikasema Mahjabin atakuwa nyuma anafunga kiatu, maana yule mtoto hajawahi kufunga kiatu kikafungika. Nikaacha kukamua, nikaweka maziwa motoni, nikamtolea siagi mpya. Lal Beg akafika. Nyuma yake hakuna mtu. Nikamuuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Akashika ndevu. Akasema, "Mama Mahjabin, nilidhani unajua. Inayat amempakia garini, wamekwenda Skardu."

Shemeji, ulikuja kwangu kabla hatujahama kijijini. Nilikumiminia chai kwa mkono wangu huu. Ukaniambia, "Akimaliza mtihani nitamleta mwenyewe huko juu, pamoja na unga." Ulisema ukinitazama machoni. Unga umefika.

Sijui kuandika sana, unajua, nimejifunza ukubwani kwenye darasa la akina mama na herufi zangu zinalala upande. Lakini hili naamini utalisoma: mrudishe mtoto wangu. Sitaki maelezo. Mlima wenu umeshakula kwangu mara moja, utafute pengine.

Nimempa Lal Beg soksi jozi moja. Ni za Mahjabin. Zako sikufuma.

Durbegum, mjane wa mdogo wako


Skardu, 24 Juni 2007

Shemeji yangu Durbegum,

Ya Ali Madad. Barua yako imefika, imelowa siagi lakini inasomeka. Nimefurahi kusikia mama ni mzima. Huku joto ni kali, na mke wangu anapiga simu kila siku kutoka Gilgit kwa sababu ya paa linalovuja, kana kwamba mimi ndiye niliyeinyesha hiyo mvua. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Naam, Mahjabin yuko nami. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungelia, na wewe ukilia mama naye analia, na mimi nina safari ya kupanga. Ana miaka ishirini. Alikuja mwenyewe mlangoni kwangu na mkoba mgongoni. Sikumteka.

Nikueleze jambo ambalo wewe, kwa kukaa na mbuzi, huwezi kuliona. Katika wanafunzi wote niliowafundisha kwenye barafu, wa kiume kwa wa kike, hakuna mwenye mguu kama wake. Anatembea kama marehemu baba. Na baba unamjua alikuwa nani. Khiyal Beg aliwabebea wageni mizigo akiwa na viatu vya ngozi ya yaki, barabara yenyewe bado hatujaiona kwa macho, na wageni wale walishuka wakisema yeye ndiye aliyewafundisha. Wengine katika bonde hili walijifunza kupanda tu. Sisi baba alituachia na namna ya kupanda. Hatumruki mtu aliyeanguka ili tufike kileleni. Tulichokipandisha tunakishusha, mpaka kopo, mpaka kamba ya mwisho, na anayeifungua hiyo kamba ya mwisho ni mtu wa nyumba yetu, siyo mchukuzi wa kukodiwa. Ndiyo maana mpaka leo wageni wanatutafuta kwa jina.

Mwaka huu tunapanda Zartsar na Waaustria watatu. Baba alikikosa kilele chake kidogo tu, akageuka kwa ajili ya mgonjwa. Sifat naye alikikosa. Sasa ni zamu ya mtoto wa Sifat, na wewe unataka akae akikamua. Haya, kila mtu na macho yake.

Soksi zimemtosha.

Shemeji wako, Inayat


Shuwert, 9 Julai 2007

Shemeji Inayat,

Ya Ali Madad. Mama yako anakusalimu, anasema mkeo ana haki kuhusu paa. Nyasi mwaka huu zimekubali, maziwa ni mengi mpaka vyombo havitoshi. Mbwa mwitu wamekula mbuzi wawili wa Lal Beg. Wetu hawakuguswa, tunamshukuru Mungu na yule mbwa kilema.

Sasa. Unasema nakaa na mbuzi. Mbuzi haohao ndio waliokukuza, na siagi unayobeba kwenye kila safari haitoki Skardu. Tena mimi sijawahi kusema msichana asipande. Nionyeshe siku niliyosema. Mimi mwenyewe nimevuka mto wa barafu na mzigo wa kuni na mtoto mgongoni, mtoto huyohuyo, na hakuna Mwaustria aliyenipiga picha.

Ninachosema mimi ni kamba.

Umeiandika kanuni ya baba mkwe kwa maneno mazuri, ila umeparuka mahali pamoja. Ngoja nipaandike mimi. Sifat alikuwa ameshashuka Zartsar. Watu wote walikuwa wameshashuka, wako hemani wanakunywa supu. Kamba zimebaki juu kwenye mteremko, na theluji mpya imeanguka juu yake. Zingeachwa, nani angekufa? Kamba? Akasema yeye ni wa nyumba ya Khiyal Beg. Akarudi juu kuzifungua, mteremko ukamwagika na theluji yake, ukamfunika. Mlima ukabaki safi. Nyumba yangu ndiyo iliyobaki na takataka: viatu vyake, kofia yake, na mimi.

Kijiji kikatoka, tukamjengea nomus yake, ule ukuta wa njia kwenye kona ya mto, jina lake juu ya jiwe, kama baba mkwe alivyojengewa daraja alipofariki. Najua nyumba nyingine huwajengea hata walio hai, mwana akipata kazi, binti akifaulu. Nyumba hii haijawahi. Nyumba hii ikimwekea mtu jiwe, ujue mwenyewe hayupo. Mimi nimeshawapikia wajenzi wa mawe mawili. Wa tatu siwapikii.

Kwa hiyo sikuombi tena umrudishe. Najua hutamrudisha, na yeye mwenyewe hatarudi, ana kichwa cha baba yake. Nakuomba jambo moja. Niandikie kwa mkono wako: Mahjabin hatapanda kufungua kamba. Maneno manne tu. Apande, afike, apigwe picha, ashuke anywe supu. Wa mwisho kwenye kamba awe mtu mwingine. Uwe wewe.

Soksi zako zimo humu. Usidhani nimekusamehe, sufu ilibaki.

Durbegum


Kambini chini ya Zartsar, 23 Julai 2007

Shemeji Durbegum,

Ya Ali Madad. Wachukuzi wanashuka leo, nina muda mfupi. Wote wazima. Hewa imekuwa mbaya, tumekaa hemani tukisikiliza upepo. Mahjabin anakula vizuri na ameongezeka mwili. Amewafundisha Waaustria kula jibini kavu, mmoja akavunjika jino, nikamkumbuka mama. Mpishi wetu ametoka Hushe, anatia pilipili katika kila kitu, na chai siku hizi tunainusa kwanza. Kambi ya pili imesimama, tumeanza kuweka kamba kwenye mteremko wa juu.

Soksi ni nzuri. Kubwa kidogo.

Inayat

Mama, ni mimi, nimeomba nafasi hapa chini. Usimwandikie baba mkubwa hivyo. Anasoma barua zako kwa sauti hemani, mpishi anacheka mpaka anaziba mdomo kwa kofia, halafu baba mkubwa anazikunja anazitia mfuko wa ndani na hampi mtu. Sina baridi. Nina furaha Mama, nikisema sina nitakuwa nimekudanganya. Mwambie bibi nimeuona mteremko wa baba. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Mahjabin.


Shuwert, 7 Agosti 2007

Inayat,

Leo sina salamu ndefu. Mama yako alipata homa, amepoa. Mvua haikatiki.

Nilikuomba maneno manne. Umenipa pilipili ya mpishi. Umenipa jino la Mwaustria. Nimeigeuza karatasi yako juu chini, nimeiinua kwenye jua nikidhani labda wino umefifia. Hayamo. Basi jibu nimelipata.

Nilimuuliza mama yako, "Mama, hivi marehemu mzee angenijibu nini?" Akasema, "Khiyal Beg? Angekueleza habari ya nyasi. Wanaume wa nyumba hii ukiwauliza jambo wanazungumza nyasi."

Kuanzia leo yaki wako nimewatenga na wangu. Wako nje ya zizi langu, na mama yako amenisaidia kuwafukuza kwa fimbo yake, ujue umefikia wapi. Mbwa mwitu wakija watajichagulia. Wewe umeona sawa kumweka mtoto wa mwenzio nje kwenye baridi, na mimi nimeweka wanyama wako.

Najua unaisoma hii hemani. Isome kwa sauti basi, mpishi acheke na asikie. Mahjabin, mwanangu, mteremko ule si mdogo. Umeuona ukiwa chini.

Durbegum


Shimshal, 3 Septemba 2007

Shemeji Durbegum,

Ya Ali Madad. Naandika nimesimama, mtu wa unga anaondoka. Kazi imeanza. Nomus ya Mahjabin tumeiweka pale kwenye mawe yanayoporomoka, njia ya kupandia malishoni, na kijiji kizima kimetoka, hata wazee. Jiwe la jina limeshachongwa. Watu ni wengi na wanakula sana. Tuma siagi na jibini kavu, chochote ulichonacho. Mengine yote nilikuandikia katika ile barua ya kwanza, sina nguvu ya kurudia, naamini umeshayapokea moyoni.

Macho yananisumbua. Kesho nakwenda Gilgit. Mshike mama vizuri.

Inayat


Shimshal, 10 Septemba 2007

Wewe Inayat,

Hiyo barua ya kwanza haikufika. Mpaka leo naandika haijafika. Labda iko mfukoni mwa dereva, labda mbuzi wameila. Karatasi niliyoipata mimi ni moja, ina jina la mwanangu na jiwe.

Kaa chini nikueleze ulichofanya.

Mtu wa unga aliacha magunia kwenye kibanda cha bondeni akageuka, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Nilisoma nimesimama na ndoo. Nikasoma tena. Mama yako akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Wanamjengea Mahjabin." Shemeji, hakuuliza wanajenga nini. Alivua kofia yake, akazifungua nywele zake zile chache. Tukakaa hapohapo chini. Maziwa yakachemka, yakamwagika, yakaungua, hakuna aliyenyoosha mkono.

Halafu nikainuka nikafunga siagi ya msimu mzima. Unaelewa? Ulikuwa umeomba siagi, na watu wanaomjengea mwanangu hawatakula mkate mkavu. Nikampandisha mama yako juu ya yule jike wako mweusi, mbuzi nikawaacha kwa jirani, tukashuka. Njia nzima mama yako analia kwa sauti. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kukulaani. Niliyapanga vizuri kwa mfuatano. Mengine bado ninayo.

Tukatokea penye mawe yanayoporomoka. Watu wamejipanga mstari wanapitishiana mawe, na wanaimba. Wanaimba! Nikasema, huyu Inayat hata kuimba amewaruhusu. Lal Beg akatuona, akapaza sauti, "Siagi hiyo!" Na katika ule mstari mtu mmoja akageuka, ana jiwe kifuani, shavu limejaa aprikoti kavu, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Akasema, "Mama, mbona mmeshuka mapema?"

Nilimpiga kofi. Mbele ya kijiji kizima, aprikoti ikaruka. Kisha nikamkamata, na sikumwachia mpaka mama yako alipofoka huko juu, "Niteremsheni na mimi nimshike, au mimi ni gunia?"

Sasa yote nimeyasikia kwa kinywa chake. Kwamba kileleni hamkufika: Mwaustria mmoja alivunjika mguu mkiwa mmekaribia, mkageuka wote, mkamshusha. Hilo nakupa, mlifanya vizuri. Kwamba yule mgonjwa alipoteza miwani yake ya theluji na wewe ukamvisha yako, ukashuka macho wazi, mwanga wa theluji ukayaunguza. Hilo hukuniandikia, na mkeo nadhani hukumwambia. Na kwamba mlipofika kambini theluji ikaanguka, kamba ziko juu, kwenye mteremko uleule, ukamwambia mwanangu, "Kesho asubuhi, wa nyumba yetu."

Akasema hapana.

Ukapiga kelele mpaka Waaustria wakatoka nje ya mahema yao. Akasema hapana. Ukasema basi utakwenda mwenyewe, na macho yale. Asubuhi ukatafuta viatu vyako. Ulitafuta mpaka jua likawa kali, theluji ikalainika, na hakuna tena mwenye akili wa kupanda. Vilikuwa ndani ya gunia la unga, na mpishi alikuwa amelikalia anamenya vitunguu. Anasema Mahjabin, "Mama, mpishi alikuwa analia, na hatukujua kama ni vitunguu au ni kicheko."

Nilicheka, shemeji. Nimeshuka njia nzima nikiwa maiti, na nikacheka.

Lakini nijibu hili, na usinizungumzie nyasi. Kama alikukatalia mbele ya watu, kama kanuni ya nyumba imevunjwa na kamba zimeachwa mlimani, jiwe ulilichongea nini?

Durbegum


Gilgit, 22 Septemba 2007

Shemeji Durbegum,

Ya Ali Madad. Mimi nasema na mke wangu anaandika, kwa sababu nimefungwa macho yote mawili. Anakusalimu. Anasema paa bado linavuja, na kwamba habari ya miwani ameijua kwako.

Ile barua niliituma na gari kutoka Skardu, kwa mkono wangu. Sikujua. Kwa mama na kwa hayo machozi ya njiani nasema pole. Lakini na wewe, mtu mzima hawezi kusoma karatasi akatuma mtu kuuliza kabla ya

(Shemeji, ni mimi mkewe. Sentensi hiyo nimekataa kuiandika. Tunaendelea.)

Unauliza jiwe la nini. Kijijini nimewaambia ni kwa sababu ya yule Mwaustria, maana Mahjabin ndiye aliyejifunga naye kamba moja na kushuka naye mteremko wote, na sijaona mtu akifanya vile tangu Sifat. Ni kweli tupu. Lakini siyo sababu.

Nilimkasirikia. Njia yote ya kurudi hatukusemezana, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na mizigo. Tangu baba, hatukuwahi kuacha kamba. Nikifumba macho, na sasa nimefumbishwa, naziona zimening'inia pale. Wageni watakaokuja watazikuta, watauliza za nani, wataambiwa. Na ule mteremko haukumwagika, shemeji. Niliutazama mpaka siku tunayofunga mahema, kwa macho yaliyobaki. Haukumwagika. Pengine ningekwenda na kurudi.

Nyumba yetu ina jiwe la baba aliyeweka kanuni, na ina jiwe la Sifat aliyeifuata. Nikaona hakuna jiwe la mtu aliyesema hapana. Basi. Usiniulize zaidi. Na usimwonyeshe yeye barua hii, kichwa kitamvimba.

Jambo jingine. Daktari anasema jicho la kulia halitarudi. Mwakani sipandi, na huenda sipandi tena. Mahjabin ameniandikia. Anataka kurudi Zartsar mwezi wa sita, theluji ingali ngumu, na wanafunzi wenzake wawili, akazishushe zile kamba. Kilele hakitaki. Kamba tu. Anasema zimo mlimani kwa neno lake. Sijamjibu. Nadhani wewe hajakuambia.

Inayat, kwa mkono wa mkewe


Shimshal, 30 Oktoba 2007

Shemeji Inayat,

Ya Ali Madad. Mbuzi wote wameshuka, na wanaume wamepanda na yaki, ambao baridi yote hukaa juu. Wako wamo, wote, na yule dume mdogo anapiga watu pembe ambazo hajaota. Hawakulala nje hata mara moja, nilikuandikia vile uumie. Mama yako yuko karibu na jiko, anakula mkate uliolowekwa chai na kulalamika kwamba umelowekwa. Mkeo ameniandikia kando kwamba unatembea ukigonga milango.

Pole ya jicho. Hii ni pole ya kweli, ikate uiweke mbali na maneno mengine. Mama yako alilia, halafu akasema moja litakutosha, kwani hata ulipokuwa na mawili kuna mengi hukuyaona.

Njia imekwisha na ni nzuri. Mbuzi wamepita wote bila kuteleza. Lakini jiwe la jina nimeling'oa. Usimuulize mtu, ni mimi, kwa mtaimbo wa Lal Beg, na alisimama pembeni akisema, "Mama Mahjabin, watu watasemaje," na mimi nikamwambia ashike upande ule. Sasa limelala ndani ya ukuta kama mawe mengine, maandishi yameangalia chini. Nilipokuwa nikipita pale, moyo ulikuwa unasimama kabla kichwa hakijakumbuka. Siwezi kuishi hivyo kila nikienda kukamua. Jina la mtu anayepumua linakaa mdomoni mwa mama yake, anaitwa alete maji. Akizeeka akafa kitandani, wajukuu zake waje waligeuze.

Sababu yako nimeielewa. Sikusema imenilainisha.

Kuhusu kamba, kweli hakuwa ameniambia. Tulikuwa tunachambua sufu, nikamuuliza, "Mwezi wa sita utakuwa wapi?" Akaanza kunieleza jinsi nyasi za mwakani zitakavyokuwa. Nikajua nimezaa mtu wa nyumba yenu. Nikamwambia, "Wewe ulisimama mbele ya watu wazima ukaikataa kanuni, ukamfichia mzee viatu, leo unarudi huko kufuata nini?" Hakuinua macho kwenye sufu. Akasema, "Mama, kanuni sikuikataa. Nilikataa siku ile."

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Nimepika nalo, nimelilalia. Silipendi. Baba yake angekuwa nalo, ningekuwa na mume.

Na bado naogopa, shemeji. Usidhani naogopa kidogo. Theluji ngumu, theluji laini, mimi sijui tofauti yake, mimi najua tu mlango na nani ameingia. Nimemwambia siwezi kumpa ruhusa, na nimemwambia pia sitamfichia viatu. Amenitazama kama mtu aliyeambiwa mambo mawili, na ni kweli nimemwambia mawili.

Kwa hiyo sikiliza. Mwakani usinitumie karatasi, wala Lal Beg, wala mtu wa unga. Wewe ndiye uliyemfundisha, wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Tukishahamia malishoni, kabla ya huo mwezi wa sita, utapanda mwenyewe kwa miguu yako, na kama jicho moja halitoshi kwenye njia, mkeo akushike mkono. Utakaa chini mbele yangu na mbele ya mama yako. Utaniomba mtoto kwa kinywa chako, na yeye awepo akisikia. Utanieleza mteremko ule hatua kwa hatua, nani mbele, nani nyuma, na ni theluji gani ikionekana wanageuka na kuziacha kamba palepale zilipo, hata kama ni kwa mara ya pili.

Nitakataa. Utakunywa chai, utaniomba tena.

Durbegum